Bakuli la Magofuni

Nilipokuwa mtoto, kule Tumbe, mama yangu alikuwa Maskati akifanya kazi katika nyumba ya watu, nami nililelewa na Bibi Mize, mama yake. Kila Ijumaa baada ya sala mama alipiga simu kwa jirani yetu. Tuliongea dakika mbili tatu, simu ikakatika, nikabaki na wiki nzima ya kungoja.

Karibu na konde letu la muhogo palikuwa na magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo. Nguzo moja ilipachikwa bakuli la Kichina lenye maua ya buluu, kazi ya mafundi ambao hakuna anayewajua hata majina. Kijijini walisema bakuli lile ni la majini. Ukitia uso ndani yake ukamwita aliye mbali, husikia popote alipo.

Bibi alinikanya mara nyingi. "Usende kule, mwanangu. Mtu asiye na njia ya kuja haitwi. Atasikia, na kuja hawezi."

Mimi nilishika neno moja tu: atasikia.

Alhamisi moja alasiri, Bibi akiwa anachimba muhogo, nilipenya vichakani. Nikapanda mawe, nikaikumbatia nguzo, nikatia uso bakulini. Mlikuwa na ubaridi na harufu ya chokaa. "Mama!" nikaita, mara tatu. Sauti ilinirudia nene, kama si yangu. Nilishuka mbio, nikachubuka goti, na Bibi aliponiuliza nikamwambia nimejikwaa.

Kesho yake simu ikaja. Jirani akaiweka sauti kubwa ili sote tusikie.

"Mama, mtoto mzima?" Hata salamu hakutoa.

"Mzima, yu hapa," Bibi akajibu. "Kwani kuna nini?"

"Jana alasiri nilikuwa napiga pasi, nikasikia naitwa. Nikaitika 'bee', nikatoka mbio mpaka getini. Hapana mtu. Niliporudi, kanzu ya bwana imeungua. Nimegombezwa, lakini silii kwa hilo."

Kisha akaangua kilio. Alilia mpaka simu ikakatika.

Bibi hakunipiga. Alilitazama goti langu, akanipakata, ingawa nilikuwa mkubwa wa kupakatwa.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, Bibi."

"Haya."

Sikukanyaga tena magofuni. Leo mimi ni mwalimu wa skuli, na mwanafunzi akiniuliza naweza kumwambia kwamba mzazi aliye mbali husikia anaitwa hata na upepo. Pengine ndivyo ilivyokuwa. Lakini kilio kile nilikisababisha mimi, na hilo sijapata kulisema mbele ya mama.

Mama alirudi moja kwa moja, asiende tena Maskati, nilipokuwa darasa la saba. Nilimwamkia shikamoo, nikampokea begi, kisha nikaenda kukaa ubavuni mwa Bibi. Nikitaka kusukwa, nilikwenda kwa Bibi. Nikiumwa, nilimwambia Bibi. Mama alituangalia, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Sasa Bibi ni marehemu, nami na mama tunaishi nyumba moja. Tunaulizana hali asubuhi, tunapikiana, tunaongea kwa adabu kama wageni wanaopendana. Miaka ile yote nilijifunza kumwita. Kukaa naye ndiyo kwanza najifunza.