Umri wa Karatasi wa Mahipal

Vijana wote wa rika la Mahipal pale kijijini walikuwa wameshapumzika. Hoshiyar alipofikisha miaka ishirini na minne na mlango wa jeshi ukafungwa, baba yake alilia siku mbili, ya tatu akamnunulia trekta. Nihal naye hivyo hivyo. Sasa anauza mbolea na kitambi kimemtoka. Huku kwetu wilaya ya Jhunjhunu kila nyumba ina picha ya mtu aliyevaa kombati, na kupitwa na umri ndiyo ruhusa pekee ya kuacha kufanya mtihani wa uafisa. Mahipal alikuwa na miaka ishirini na sita kamili, na ruhusa hiyo hakuipata.

Aliyemnyima ni baba yake. Sajini mstaafu Nathuram, siku aliyompeleka mwanawe kuandikishwa darasa la kwanza, alimnong'oneza mwalimu mkuu ampunguzie miaka. Msimshangae. Huku wazazi wengi hupunguza, mwaka mmoja au miwili, ili mtoto apate nafasi zaidi za kujaribu kazi za serikali. Lakini Nathuram si mtu wa kufanya jambo nusunusu. Alipunguza mitatu! Na serikalini kinachoaminiwa ni cheti cha shule. Mama aliyekuzaa hana anayemuuliza.

Basi kwa karatasi Mahipal alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alikuwa ameshafanya mtihani wa wamaliza sekondari mara nne, wa wenye digrii mara tatu, na wa jeshi la anga mara mbili, yeye ambaye kupanda paa tu kunamtia kizunguzungu. Miaka saba ya vitabu vilevile. Alichokipenda kilikuwa chini ya ardhi: pampu za visima. Pampu iliyowashinda mafundi wawili, Mahipal angeifungua asubuhi na mchana maji yakawa yanatoka.

Msimu wa fomu ulipofika, Nathuram alimpeleka tena kwenye kibanda cha Banwari, mjaza fomu.

"Haya Sajini, safari hii upi?" Banwari aliuliza, kidole juu ya kompyuta. "Wa anga au wa digrii?"

"Wa digrii. Chaguo la kwanza andika nchi kavu. La pili wanamaji."

"Baba, mimi hata kuogelea sijui."

"Utafundishwa. Serikali ina mabwawa."

"Kuna fundi pale mjini Chirawa ananitaka nikaanze kazi ya pampu..."

"Pampu!" Nathuram alimgeukia Banwari kama anayemwita shahidi. "Miaka ishirini na miwili nimewafungulia mlango wa gari maluteni wenye ndevu za juzi, na saluti juu. Ili mwanangu naye afunguliwe. Halafu huyu ananipeleka kwenye matope!"

Mahipal aliutazama mkono wa koti la baba yake uliochakaa. Mzee hakuwahi kujinunulia hata koti jipya kwa ajili ya ada za tuisheni.

"Vumilia, ndugu yangu," Banwari alicheka. "Kwa karatasi wewe bado mtoto mchanga. Una nafasi tatu nzima mbele yako."

Akabonyeza. Fomu ikaenda. Mahipal alihesabu hizo nafasi tatu kwa vidole njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nyumbani dada yake mdogo, Saroj, alimpokea kwa chai. Saroj alikuwa na digrii yake, na juma hilohilo alikuwa amepata nafasi ya kusomea ualimu mjini Sikar. Tangu hapo alikuwa akiimba jikoni kutwa.

"Afande mtarajiwa, karibu chai. Nikupigie saluti kwanza au nikuongezee sukari?"

"Nenda zako Sikar utuondolee kelele," Mahipal alimwambia, lakini alicheka.

Sasa tazama mambo. Safari hiyo, kwa mara ya kwanza, alifaulu mtihani wa kuandika. Nathuram akagawa laddu, vile vitamutamu vya sherehe, mtaa mzima, akamshindilia mwanawe moja mdomoni mbele ya watu. Mahipal akaimeza kwa shida, akapanda treni kwenda kwenye usaili wa siku tano.

Siku ya kwanza walijazishwa fomu: baba, mama, ndugu, na tarehe zao za kuzaliwa. Mahipal akanakili kila kitu kutoka kwenye vyeti. Siku ya tatu akaitwa mbele ya kanali mmoja mwenye mvi, mpole wa sauti.

"Umezaliwa mwezi wa tatu."

"Ndiyo, Afande."

"Na dada yako Saroj mwezi wa saba. Mwaka huohuo."

Lo! Kwao hakuna aliyewahi kuviweka vile vyeti viwili pamoja.

"Mama yenu ni mmoja?"

"Mmoja, Afande."

"Miezi minne. Mama ana haraka sana."

Uongo ulikuwepo wa kutosha. Angesema Saroj ni mtoto wa mama mdogo. Angesema karani alikosea. Lakini kwa mara ya kwanza katika miaka saba aliona mlango wa kutokea, na mlango ulikuwa wazi.

"Nina miaka ishirini na sita, Afande. Nilipunguziwa umri shuleni."

"Unajua ukisema hivyo mitihani yote imekwisha? Si huu tu."

"Najua."

Kanali akafunga faili. "Wengine hunidanganya vizuri kabisa," alisema. "Kwa ukweli wako ningekuchukua. Kwa umri wako siwezi."

Alitoka pale na aibu, na ndani ya aibu mlikuwa na raha, na raha ile ikamzidishia aibu.

Alifika nyumbani mchana. Baba yake alikuwa kitandani uani, mama akichambua dengu, Saroj akikanda unga wa mawele. Mahipal akawaeleza yote akiwa amesimama, akingoja kofi.

Mama ndiye aliyelipuka. "Si nilikwambia mitatu ni mingi! Nilimzaa huyu, nikapumzika, ndipo nikamzaa yule. Wewe unanizalisha kama mbuzi!"

"Kosa ni langu," Nathuram alisema.

Mahipal hakuwahi kumsikia baba yake akitamka maneno hayo. Machozi yakamlengalenga.

"Kosa ni langu. Ningempunguzia na Saroj."

Saroj aliangua kicheko, mkono wenye unga mdomoni. Mahipal naye akacheka, kifua kikafunguka, akaiona Chirawa hii hapa.

Nathuram hakucheka. Alikuwa akimtazama Saroj toka miguuni mpaka kichwani, taratibu, kama hajawahi kumwona.

"Siku hizi wanachukua na wasichana," alisema.

Kicheko cha Saroj kikakatika. "Baba, mimi naenda Sikar mwezi ujao. Nafasi nimeshapata."

"Sikar haihami." Mzee alikuwa ameshaanza kutafuta viatu. "Lete cheti chako, mwanangu. Chako ni cha kweli."

Saroj akamgeukia kaka yake, amsemee. Mahipal akatazama chini, maana kitu cha kwanza kilichomjia moyoni kilikuwa afueni.