Siku Mkiwa Ilipokosekana Kwenye Orodha

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, wazee watatu kutoka kijiji cha Mkiwa waliingia ofisi yetu ya mifugo, Singida Mjini, vumbi la barabara likiwa bado kwenye makoti yao. Waliuliza kwa upole kwa nini wachanjaji wamefika vijiji vya jirani na ng'ombe wao wakaachwa. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa inazunguka. Nami nilikuwa kijana wa kuvaa tai, mtaalamu pekee wa kompyuta pale, na kichwa kilikuwa kimenivimba kweli kweli.

Zilikuwa enzi za ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa. Kompyuta zilikuwa zinaingia maofisini kwa mlango wa mbele, na watu wakipunguzwa kazi kwa mlango wa nyuma. Mimi ndiye niliyeandika programu ya kupanga vijiji vya chanjo. Dada Helena, mpiga chapa wetu, aliingiza majina ya vijiji, programu ikatoa orodha, wachanjaji wakaifuata. Kwenye orodha ile Mkiwa haikuwamo.

Mkurugenzi aliuliza nani amekosea. Nilijibu hata kabla hajamaliza: "Helena karuka jina."

"Kaka, mbona nililiandika?" Helena akasema. "Njoo basi uangalie."

Sikwenda kuangalia. Kabla ya saa za kazi kwisha, jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya watakaopunguzwa mwisho wa mwezi. Na Helena, mwanangu, alikuwa mjane mwenye watoto watatu.

Kesho yake roho ilinisuta, nikafungua faili lake. Mkiwa ipo, jina la mwisho kabisa, imeandikwa vizuri. Nikasoma programu yangu mstari kwa mstari, sikuona kosa. Basi nikaanza kuishuku kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine. Ni mkalimani, na mkalimani naye anaweza kumeza maneno.

Nikapiga simu kwa wakala aliyetuuzia kompaila hiyo, huko Dar es Salaam. Siku ya kwanza kijana wao aliniambia nizime mashine niwashe. Siku ya pili akasema kompaila yao haina kosa, ila watu wa mikoani hatujui kuandika programu. Siku ya tatu niliambiwa nisubiri kwenye simu, nikasubiri mpaka ikakatika. Nilikasirika kweli kweli. Lakini aibu yangu hasa ni hii: siku zote hizo nilijua Helena hana kosa, na nilinyamaza. Niliogopa nikimtoa yeye, macho yatanigeukia mimi.

Aliyeona kwamba sina raha ni Mzee Njiku, mchanjaji wa siku nyingi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akavuta kiti. Nikamweleza yote. Hakuelewa neno kompaila, ila mengine aliyaelewa mno.

"Kundi likiwa na mgonjwa," alisema, "wewe unasimama katikati ya zizi unakodoa macho? Unawapitisha kwenye kibanio, kile kijia chembamba cha zizini, mmoja mmoja. Mzima unamwachia. Atakayebaki ndiye huyo."

Kisha akashusha sauti. "Na yule binti umwondolee mzigo leo. Usingoje mpaka umpate mgonjwa wako. Mficha uchi hazai."

Nilikwenda kwa mkurugenzi, nikasema: "Helena hakukosea. Mimi nilisema bila kuangalia." Alinikaripia ipasavyo, kisha akachukua kalamu na kulikata jina la Helena. Mwanangu, nilitoka mle nikiwa mwepesi! Kisha nikamwomba Helena radhi. Alifunika uso kwa khanga akalia, halafu akacheka, akaniita mjinga. Sijawahi kutukanwa nikafurahi vile.

Ndipo nikafanya alivyosema mzee. Nilitoa kipande kimoja cha programu, nikajaribu, nikatoa kingine, mpaka ikabaki mistari kumi tu. Bado jina la mwisho lilimezwa. Nikakizima kile kipengele cha kompaila cha kuharakisha kazi, ambacho mimi mwenyewe nilikiwasha kwa kujitapa. Mkiwa ikatokea. Haraka haraka haina baraka, na mimi ndiye niliyeiomba haraka hiyo. Wiki ileile wachanjaji walikwenda Mkiwa, wakawakuta ng'ombe bado wazima, wakawachanja.

Mistari ile kumi nikaitia kwenye disketi, nikaituma Dar kwa basi na maelezo ya ukurasa mmoja. Safari hii hawakuwa na pa kuponyokea. Walijibu kwamba watengenezaji wanalijua kosa hilo tangu zamani. Samahani hawakusema, nami sikuingoja.

Basi sikia, mwanangu. Chombo cha mtu mwingine kinaweza kukosea, hata kikija na kitabu kinene. Ila usimtupie lawama mtu wala mashine kabla hujaangalia. Ukitafuta kosa, punguza mpaka libaki peke yake. Ukiomba msaada ukapuuzwa, usitukane. Peleka ushahidi mdogo ulio wazi, maana mbishi hachoki kubishana na maneno. Na ukimwangushia mwenzako kosa lisilo lake, liondoe siku hiyohiyo, kabla hata hujajua la kwako liko wapi. Mungu akupe macho ya kuangalia na ulimi mwepesi wa kukiri, na kila uliyefanya naye kazi afurahi kukuona mlangoni kwake.