Simu za Alfajiri za Mama Joshua

Ukifika Miyuji, hapa Dodoma, ukauliza nyumba ya Emiliana fundi cherehani, watu watakutazama tu. Uliza kwa Mama Joshua, utapelekwa mpaka mlangoni, na njiani utapewa onyo: ukikaa naye zaidi ya kikombe kimoja cha chai, utatoka na kazi. Ndivyo alivyo. Mwanamke mfupi, mjane wa siku nyingi, mwenye sauti ya kuita mbuzi walio ng'ambo ya korongo. Asubuhi anashona sare za shule, jioni anahangaika na mambo ambayo sisi wengine tumeshamwachia Mungu.

Kikundi chake kinaitwa Sauti ya Mtaa. Msije mkadhani ni vikoba. Hakikopeshi, hakigawi unga, hakina hata fulana. Kazi yake ni kuwasemea watu wasio na kitu: kwenda kwenye ofisi na mikutano kuuliza kwa nini huyu kapata na yule kakosa. Sasa wewe hebu mwambie mtu ajiunge na kikundi kisichogawa chochote! "Mnatoa nini?" wanauliza. "Tunatoa jasho," anajibu Emiliana, na hapo hapo mtu anakumbuka kwamba ameacha maharage jikoni.

Mwaka huu jambo lenyewe lilikuwa maji. Mtaa wao uliahidiwa kioski cha maji kimoja tu, na mahali pa kukiweka pangeamuliwa kwenye mkutano wa hadhara. Watu wa chini, wa karibu na lami, walikitaka kwao, ingawa wengi wao wana bomba uani. Watu wa juu, kule kwenye mawe, wanaishi kwa kuponda kokoto na wananunua maji kwa dumu kutoka kwa watu wa mikokoteni. Siku mkokoteni usipopanda, wanalala na kiu. Lakini watu wa juu hawaendi mikutanoni. Asiyeponda siku hiyo hali siku hiyo, na wengine wanaona aibu ya nguo. Katika mkutano uliotangulia Emiliana alisimama kuwasemea, yeye na rafiki yake Batuli basi, na mwenyekiti akauliza kwa upole ule unaouma: "Mama, hao unaowasemea wako wapi?" Watu wakacheka. Emiliana alikaa chini uso umemwaka.

"Jumamosi ndiyo ya kuamua," alimwambia Batuli wakirudi nyumbani. "Tukisimama tena wawili, mwenzangu, mimi naacha. Narudi kwenye cherehani yangu, nizeeke na vifungo vyangu." Batuli ni Mrangi wa Kondoa, anauza vitunguu sokoni, na hajawahi kuamini kwamba Emiliana anaweza kuacha kitu alichokishika. Safari hii alimtazama akaona hatanii.

Walihitajika watu wa kujitolea. Wakusanyike kwa Emiliana Jumamosi asubuhi, wapande juu, wapite nyumba kwa nyumba kuwatoa watu, wengine wabaki na watoto. Na watu hao walikuwepo, walishaahidi! Kefa, dereva wa bodaboda, alisema, "Mama, mimi niite tu." Mzee Sila, karani mstaafu, alitoa hotuba nzima juu ya wajibu. Akina mama wa kwaya waliitikia kwa pamoja kama wako kanisani.

Kilichobaki ni kuwafuatilia, na kufuatilia ndiyo kazi ya Emiliana. Wiki nzima aliwapitia na kuwapigia, na wiki nzima alipata jibu moja: "Nitakuja, Mungu akipenda." Kama wewe si mtu wa huku, utalipokea kama ndiyo. Sisi hatumkatalii mtu usoni, ni ukosefu wa adabu. Anayekuja anasema nitakuja, na asiyekuja anasema nitakuja, tena kwa tabasamu zuri zaidi. Emiliana ni Mgogo wa Mpwapwa, amekulia kwenye adabu hiyo hiyo, kwa hiyo kila alipoitikiwa alijua hajajibiwa.

Juu ya hayo alikuwa na mama yake, Bibi Ruthu, mgonjwa kule Mpwapwa. Mtaa mzima ulijua, kanisani walikuwa wanamwombea. Ugonjwa wenyewe haukuwa na jina. Bibi alikuwa amekata tamaa tu, hali vizuri, halali, na kila akipigiwa simu anasema lile lile: "Sisi watu wa mbuzi wawili, nani atakuja kutuzika? Utanizika wewe na mchungaji." Emiliana alikuwa anacheka kwenye simu. Akishakata, analia.

Ijumaa jioni salio lilikuwa limekwisha, na mafua ya vumbi, yale yanayoletwa na upepo wetu huu wa Dodoma, yalikuwa yamemkaba koo. Akanunua kifurushi cha usiku, kile cha bei nafuu chenye dakika nyingi zinazokufa kukipambazuka. Akajilaza kidogo apumzike, atapiga baadaye. Usingizi ukamchukua jumla. Alipozinduka, jogoo wanawika. Dakika zote zipo, na alfajiri ndiyo hiyo inaingia!

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe hata mtoto wa huku angelikwepa. Kwetu simu ya alfajiri haina habari nyingine. Anayekupigia giza halijatoka, amefiwa. Ukiliona jina tu kwenye kioo, unajiuliza ni nani kabla hujapokea. Emiliana analijua hilo vizuri kabisa, lakini asubuhi ile alikuwa anaziona dakika tu. Akampigia huyu, akampigia yule, kwa sauti iliyokwaruzwa na mafua, anavuta kamasi katikati ya maneno: "Njoo nyumbani. Asubuhi hii hii. Usikose, nakuomba. Waambie na wenzako." Anakata, anahamia kwa mwingine. Hakueleza. Angeeleza nini na dakika zinayoyoma? Kilichomshangaza ni kwamba safari hii hakuna aliyemtaja Mungu akipenda. Walisema, "Nakuja," basi. Wengine walisema, "Pole sana, mama," naye akadhani wanamwonea huruma kwa mafua.

Simu ikazima, chaji imekwisha. Emiliana akafunga mlango, akapanda kwenye mawe kuwaambia watu wa juu wajiandae, leo watafuatwa.

Batuli ndiye aliyefika wa kwanza. Mnisamehe, lakini Batuli naye! Habari ya Jumamosi aliijua kuliko mtu yeyote. Ila naye alipigiwa gizani, akaisikia ile sauti, na mambo ya kioski yote yakamtoka kichwani. Akakuta mlango umefungwa. Akapiga simu, haipatikani. "Innalillahi," akasema, "Bibi Ruthu ametutoka, na mwenzangu ameshakimbilia basi la Mpwapwa peke yake." Kila aliyefika akaambiwa hivyo, kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo kitandani pa marehemu.

Basi msiba ukaanza. Hakuna aliyempangia mwenzake kazi. Kefa na madereva wenzake wakaenda kutoa taarifa nyumba kwa nyumba. Vijana wakafunga turubai, wakaazima mabenchi. Akina mama wa kwaya wakaja na unga, kuni na masufuria, kanga kiunoni, na moto ukawaka. Mzee Sila akafika na koti lake la misibani, akakaa mbele pamoja na wazee, akatazama chini. Hata wa karibu na lami walikuja.

Emiliana aliteremka jua limeshapanda, anajisemea kichwani, Mungu wangu, hata wakija wachache tu. Akakata kona ya ukuta wa jirani. Akaliona turubai.

Kwanza hakuelewa. Kisha akaziona zile kanga viunoni, akawaona wanaume walivyokaa kimya, akaona kwamba ni kwake. "Mama!" alipiga yowe. "Jamani, mama yangu!" Akina mama kusikia hivyo wakaangua kilio wote. Batuli akamdaka, wakashikana, wakalia. Emiliana alilia kwa zile simu zote alizozikata upesi, na kwa miezi yote aliyokuwa akimwambia mama yake nitakuja, mama, nitakuja, Mungu akipenda, asiende.

"Amefariki saa ngapi?" aliuliza katikati ya kwikwi. "Nani kawaambia?"

Batuli akamwachia. "Si wewe?"

"Mimi?"

"Si umetupigia simu alfajiri!"

"Nimewapigia habari ya kioski!"

Kilio kikakatika vipande vipande, akabaki mama mmoja wa nyuma ambaye hakusikia. Mzee Sila akasimama, akavua kofia. "Samahani sana, mama," akasema kwa ule ukarani wake. "Marehemu ni nani hasa?"

Hapo hakuna aliyejua. Bibi alikuwa mgonjwa kweli, na mtu mgonjwa lolote linaweza kumkuta. Kefa akatoa simu yake, akabonyeza namba alizokuwa akitajiwa na Emiliana, akaweka sauti ya nje. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita, ikaita, ikakatika. Batuli alikuwa anasoma dua, midomo inacheza. Kefa alimwangalia Emiliana kama anayeomba ruhusa, akapiga mara nyingine. Ikapokelewa.

"Nani wewe unanisumbua na mimi nakamua mbuzi?"

Uwanja ulilipuka. Vigelegele, watu wanakumbatiana, wa kwaya kawakumbatia wa msikitini, Mzee Sila amejibwaga kwenye benchi anajipepea na kofia. Emiliana alichukua simu. Akawa anacheka na kulia kwa pamoja mpaka bibi akauliza kama kuna kichaa kwenye laini. "Nakupigia jioni, mama," alisema alipoweza. "Leo leo. Kweli kabisa."

Furaha ikatulia, watu wakaanza kujikung'uta. Mmoja anatafuta sufuria lake, mwingine anauliza kama unga unarudi na mwenyewe. Wanaaga kwa adabu nzuri kabisa. Emiliana akaenda kusimama kwenye njia ya kutokea, mikono kiunoni, kamasi na machozi bado usoni.

"Hatoki mtu!"

Wakasimama.

"Wiki nzima nimewafuata kwa heshima zote, mkaniambia mtakuja. Nani alikuwa na nia ya kuja? Leo nimewaita na mafua yangu, mmekuja na kuni! Kumbe mnaweza. Turubai mnajua kufunga, kupita nyumba kwa nyumba mnajua, kupikia watu mnajua, wala hamkungoja kuambiwa. Kwa hiyo mpaka mtu afe? Kule juu kuna bibi amelala bila maji ya kunywa, nimetoka kwake sasa hivi. Mnamngoja naye afe ndiyo mmpelekee kuni?"

Alikuwa na hasira kweli, na alikuwa na furaha kweli, na vyote vilimtoka kwa mdomo mmoja. Watu waliangalia viatu vyao. Kefa ndiye aliyewasha pikipiki. "Mimi mafuta nimeshachoma," akasema. "Twendeni juu."

Wakapanda vile vile walivyo. Masufuria ya ugali yalibebwa moja kwa moja kutoka motoni, watu wa kokoto wakala wakashiba, na aliyeshiba siku moja hana haraka ya kurudi kwenye nyundo. Akina mama wakafungua kanga zao viunoni, wakawafunga wale walioona aibu ya nguo. Wengine wakabaki na watoto. Mzee Sila alimpa mkono yule bibi wa juu akateremka naye hatua kwa hatua, na hakuhutubia hata kidogo.

Mwenyekiti wa mtaa ndiyo kwanza alikuwa anafungua mkutano alipouona umati unashuka. "Kuna msiba?" alimwuliza jirani yake kwa wasiwasi.

"Hapana, mwenyekiti," Batuli alidakia. "Ni wale uliouliza wako wapi."

Safari hii Emiliana hakusema sana. Walisema wenyewe. Mama mmoja alifungua viganja vyake, vilivyopasuka kwa nyundo, akauliza dumu moja anunue kwa kuponda ndoo ngapi za kokoto. Kura ya mikono ilipopigwa, hata watu wa lami waliokuwa wamekuja kumlilia Bibi Ruthu asubuhi waliona haya kupinga. Kioski kikaenda juu. Emiliana alikaa chini kwenye jiwe, akapumua mpaka mabega yakashuka, na Batuli akamnong'oneza, "Haya, unaacha?" Akapigwa kiwiko cha mbavu.

Jioni alichaji simu akampigia mama yake, kama alivyoahidi.

"Mbukwa, mama," alimwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa. Asubuhi mlikuwa na nini?"

Emiliana akamweleza yote, simu, mafua, turubai, kilio.

"Walidhani nimekufa?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe sana. Jumatatu nakuja, tiketi nimeshakata."

Mbuzi mmoja alilia huko nyuma ya bibi.

"Walikuja wengi?"

"Wengi, mama. Turubai halikutosha."

"Na kuni walileta?"

"Kuni, unga, kila kitu. Mzee mmoja alivaa koti."

"Walilia?"

"Walilia sana, mama. Wote."

Bibi Ruthu akavuta pumzi ndefu, akaiachia polepole.

"Haya," akasema. "Basi acha nipone."