Nilitafuta kampuni ya kutengeneza filamu yangu, wakataka bibi yangu awe mchawi kweli

Salamu wakuu, na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kuchangia pia nawasalimu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, hapa Gede. Shahidi ni mume wangu, ingawa yeye akisimulia hutia chumvi.

Mimi nakaa mapokezi kwenye nyumba ya wageni kule Watamu. Msimu ukiharibika unabaki wewe, feni na kompyuta. Ndipo nikaandika skripti ya filamu.

Hadithi ni ya bibi mmoja wa vilima vya Rabai. Wanawe wanataka kuuza shamba, yeye hataki, basi wanaanza kunong'ona kwamba ni mchawi.

Wa huku mnajua neno hilo likishatamkwa linaweza kumfikisha wapi mzee mwenye mvi, hata kaburini.

Niliitoa kwa Hawe, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Naye walimnong'onea hivyo hivyo. Alisalimika kwa sababu marehemu baba alisimama naye. Jirani yake hakuwa na wa kusimama naye, akahama, hajarudi.

Basi skripti ikaisha. Sasa nampelekea nani?

Hapo ndipo vituko vilipoanza. Niliingia mtandaoni nikaandika "production Kilifi", kisha "production Mombasa", na kila aliyejitokeza nikamtumia imeili ile ile. "Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi."

Wa kwanza alinipigia simu. Mama mchangamfu, wa Mtwapa.

"Mwanangu, nimeipata. Harusi lini?"

Nikamwambia si harusi, ni filamu.

"Filamu sawa, ndiyo kazi yetu. Bibi harusi ni wewe?"

Kumbe ni wapiga video za harusi. Tulipoelewana alicheka, akaniambia nikija kuozesha nisimsahau.

Mwingine kazi yake ilikuwa matangazo ya matangi ya maji. Aliuliza kama bibi wa kwenye skripti anaweza kusimama kando ya tangi akitabasamu.

Mume wangu Kahindi akapata la kusema kila jioni. Anaingia, anavua viatu, anauliza kwa heshima zote, "Mheshimiwa Mkurugenzi, leo tumeposwa na nani?"

Halafu ikajibu kampuni ya filamu kweli, ya Nairobi. Walikuwa wamekuja kupiga picha hoteli moja ya Kikambala, wakaniita.

Nilivaa gauni la Krismasi, wakuu, na Krismasi ilikuwa mbali.

Mtayarishaji alikuwa kijana mpole, ameisoma skripti yote. Akaniagizia kahawa.

"Bibi wako ni mhusika mzito sana," akasema. "Kitu kimoja tu. Mwishoni igundulike ni mchawi kweli. Apae."

"Apae?"

"Juu ya minazi. Kompyuta itafanya hiyo kazi. Watazamaji watapenda."

Nisiwafiche, nilifikiria kukubali. Niliona jina langu kwenye skrini. Nilimwona Kahindi akikosa la kusema, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Kisha nikawaza watu wa kwetu wakiitazama hiyo filamu, halafu kesho yake wakipita mbele ya nyumba ya Hawe.

Nikamwambia, "Akiwa mchawi kweli, basi waliotaka kumfukuza walikuwa na haki."

"Dada, ni filamu tu."

"Nilikotoka mimi si filamu tu."

Hakukasirika. Aliniuliza, "Kwani kabla ya kutuandikia uliangalia kazi zetu? Sisi zetu ni filamu za kutisha tu."

Sikuwa nimeangalia hata moja. Kahawa ikawa chungu ghafla.

Jumapili nilikwenda Rabai, nikamkuta Hawe akipukuchua mahindi. Nikamsimulia yote.

"Nipae niende wapi na magoti haya?" Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Kisha akaweka gunzi chini. "Ukawajibu nini?"

"Nilikataa."

"Umefanya vyema." Akaendelea na mahindi yake. "Kahawa lakini uliimaliza?"

Baada ya hapo nikabadilisha njia. Nilianza kutazama filamu zetu za hapa nyumbani, na zikiisha sizimi. Nasoma majina yote yanayopanda mwishoni, hasa ya kampuni.

Kahindi akateseka. "Filamu imeisha, mama. Tunasoma majina ya nini, kwani hii ni michango ya matanga?"

Huko ndiko nilikowapata akina dada wawili wenye kampuni ndogo. Filamu yao ilikuwa ya ndugu wanaogombania pa kumzika baba yao. Hakuna anayepaa.

Niliwaandikia wao peke yao. Nikawaambia nilichokipenda kwenye filamu yao na kwa nini nadhani wataielewa yangu, nikaambatisha muhtasari wa ukurasa mmoja.

Kimya. Nikakata tamaa kabisa, hata Kahindi akaacha kuniita Mkurugenzi, na hilo liliniuma zaidi.

Ndipo wakajibu. Wakataka skripti nzima. Baadaye mmoja wao akaja hadi Rabai kumwamkia Hawe, akakaa naye siku nzima. Hawe alitoa sharti moja, kwamba atakayemwigiza awe na meno.

Filamu bado haijapigwa, wanatafuta wafadhili. Lakini habari imeenea kilimani. Majirani waliokuwa wakikwepa ua wa Hawe sasa wanaingia, wanasalimia, wanauliza kama kuna nafasi ya kuigiza. Hawe anawapa viti, anawaambia watulie, atawafikiria.

Nilichojifunza, wakuu: usitume skripti kama unatupia kuku mtama. Tazama kwanza kampuni imetengeneza nini, ndipo uiandikie. Na ujue mapema kitu gani kwenye hadithi yako hakibadiliki, maana utaulizwa huku umeshika kahawa ya watu.

Sasa wamenitumia mkataba. Wenye uzoefu karibuni mnishauri hapo chini, nikague vipengele gani kabla ya kutia sahihi. Fanyeni haraka kidogo, maana Hawe ameshaanza kuuliza mahali pake pa kuweka kidole gumba ni wapi.