Baba na piano ya vitufe vizito

Leo kwenye duka la vinanda, Iringa mjini, Baba aliuliza kama umeme umekatika.

Taa zilikuwa zinawaka.

Miaka ya sabini alipigia kwaya ya kanisani kinanda cha kukanyaga kwa miguu. Kwa hiyo nilimchagulia piano ya umeme yenye vitufe vizito, kama piano halisi, apige nyumbani.

Akakaa. Miguu ikaanza kukanyaga sakafu! Tukacheka wote, naye akacheka.

Akagusa vitufe. Kimya.

"Hii inataka vidole, mzee, siyo miguu," muuzaji akamtania. "Bonyeza kwa nguvu."

Akabonyeza. Vidole vikakosa nguvu ya kuvishusha, sauti haikutoka. Ndipo akauliza kuhusu umeme.

Nikaacha kucheka.

"Chukua kile kinanda chepesi cha watoto, mwanangu," akaninong'oneza. "Nitasema ni cha wajukuu."

Amekaa nje ananisubiri. Jamani, ninyi mngenunua kipi?