Nyayo za Mtu Mrefu

Aibu hii naisimulia mwenyewe, maana nikimwachia shemeji yangu Abdi ataitia chumvi, na haihitaji.

Ilikuwa wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa msituni, tumekusanywa kijijini ndani ya ua wa miiba, hutoki bila ruhusa ya askari. Nje ya ua ulianza ule msitu ambao watu walisema una majini (mimi niliwacheka), chui humo, nyati humo, miiba mpaka jua halifiki chini. Ngamia wangu akapotelea humo, nikapewa ruhusa ya kumtafuta, na kwa kuwa akala zangu, viatu vya tairi, zilikatika, nikaazima za Abdi, kubwa kunizidi. Sikumpata. Alirudi mwenyewe.

Siku ya tatu askari wakakuta nyayo katikati ya msitu, mahali ambapo ningeapa sijawahi kufika, wakaniita mimi, kwa sababu msoma nyayo mwingine hakuwapo (hata leo hayupo, ulizeni). Ningesema tu sijui. Lakini mimi?

"Wallahi afande, huyu si mtu ya hapa. Mrefu sana, angalia hatua! Na hana woga hata kidogo, amepita miiba katikati!"

Tukamfuata shujaa huyo toka asubuhi hadi alasiri, juu ya mawe, kwenye mkondo mkavu, miiba ikitunyang'anya nguo, na sikumpoteza hata mara moja, mpaka nyayo zikaishia kwenye lango la kijiji chetu. Askari wakakagua viatu nyumba kwa nyumba, wakapata akala zinazolingana. Za Abdi, ambaye kweli ni mrefu. Wakamfunga mikono kuwa ni shifta, dada yangu, mkewe, akapiga yowe.

Abdi akanitazama. "Seedi, nani aliazima akala yangu?"

Ningenyamaza, dada yangu angekuwa mjane kwa ajili ya mdomo wangu.

"Afande, ni mimi."

Afande akanitazama, namfika kifuani. "Wewe? Na hatua hizi ndefu?"

"Nilikuwa nakimbia."

"Unamkimbia nani?"

"Nyani, afande. Alibweka, nikadhani jini."

"Vaa. Kimbia tuone."

Nikakimbia mbele ya wazee na wakwe, kikoi mkononi, akala zikinipiga visigino. Akapima hatua, zikalingana, akacheka mpaka akakaa chini. Abdi akafunguliwa.

Tangu hapo sivai cha kuazima, na kabla ya kumtaja mtu natazama kwanza miguu yangu. Watoto wa dada bado wananiita Mrefu, nami naitika. Lakini niambieni, siku tatu baadaye, juu ya mawe, nani mwingine angeweza kunifuata mimi?