Kurasa Zilizogoma Kuondoka

Nimeishia darasa la tatu, na sioni haya. Ghala langu la mahindi hapa Sindeni nimelijenga mwenyewe, na injini ya kusagia naifungua na kuifunga bila kuuliza mtu. Lakini siku ile binti yangu alihitaji msaada, na mimi sikuwa na hata kidole cha kumpa.

Alikuwa ametuundia programu ya kupimia mahindi. Kila mkulima anafunguliwa ukurasa wake kwenye kompyuta, na mizani inatuma kilo kwenye ukurasa huo. Aliniambia wazi, "Baba, ikihimili gulio hili nabaki nyumbani. Ikishindwa, narudi Dar."

Kosa nililitia mimi. Kwetu mgeni hafungiwi mlango kabla hajaaga, nikamwamuru binti: ukurasa wa mtu usifungwe mpaka aage. Akatii. Lakini siku ya gulio nani anaaga? Mtu akishapimiwa anakimbilia sokoni. Kurasa zikabaki, hazionekani ila zimo zote kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kila gunia likipanda mizani zote zinasikiliza. Kufika saa nne skrini ikaganda.

"Mzee, mashine yako imeshiba kabla yetu!" jirani yangu alipaza sauti. Watu wakacheka. Kisha wakaanza kupakia magunia kwenye pikipiki, kwenda kwa mnunuzi wa ng'ambo ya barabara.

"Waambie wasubiri," binti alisema bila kuinua kichwa.

Niliwaambia. Nani alinisikia?

Akaifuta amri yangu. Akaandika kwamba mtu akishapimiwa, ukurasa wake ujifunge na uache kuisikiliza mizani. Sasa ilibidi kujaribu, na uwanjani halikubaki gunia. Nikapanda mizani mimi. Kilo sabini na moja. Nikashuka, nikapanda tena. Kila nikishuka anatazama kama kumbukumbu iliyotumika imeachiwa.

"Tena, Baba."

Magoti yaliniuma, nikapanda. Mara ya arobaini hivi akaegemea ukuta.

"Bado kuna kitu kinabaki. Kidogo kidogo, lakini kinabaki."

"Wapi?"

"Ningepajua ningekiacha?"

Nilikuwa bado juu ya mizani. Nikamwambia naweza kupanda na kushuka mpaka magharibi. Akachomoa waya wa mizani.

"Shuka, Baba, utaanguka. Mabasi ya Dar yanaanza kupita Korogwe saa ngapi?"

Saa hiyo ninaijua vizuri. Nikamwambia sijui.